Malipo ya DMC kwa Shamba la Ng'ombe wa Maziwa Marekani: Mwongozo Kamili, Kuanzia Hundi ya Maziwa hadi Fedha Kuingia Benki

Mpango wa DMC, kinga ya serikali ya Marekani kwa wafugaji wa maziwa, hauulizi kama shamba lako limepata hasara. Hauulizi umeuza maziwa kwa bei gani, umenunua mahindi wapi, wala kama ukame umekausha malisho yako. Unaangalia namba za Marekani nzima: bei ya wastani ya maziwa, ukiondoa gharama ya chakula cha ng'ombe kwa fomula iliyowekwa na sheria. Kinachobaki, yaani salio, kikishuka chini ya kiwango ulichochagua, unalipwa. Kisiposhuka hulipwi, hata kama mwezi huo umeuza mitamba ili ulipe umeme.

Kwa hiyo fedha hizi hutafutwa mezani, kwenye makaratasi, siku chache kwa mwaka. Mashamba mawili yanayopakana ndani ya kaunti moja, yenye idadi sawa ya ng'ombe, yanaweza kupata malipo tofauti kabisa, na sababu huwa ni fomu mbili au tatu zilizojazwa vizuri upande mmoja na vibaya upande wa pili.

Mpango wenyewe

DMC ni kinga ya salio la maziwa. Ililetwa na sheria ya kilimo ya 2018 na kuanza kazi Januari 2019, ikichukua nafasi ya mpango wa MPP wa 2014. Wafugaji waliilalamikia MPP kwamba walilipa ada na kuambulia senti. Malalamiko yao yalikuwa na msingi: fomula ya MPP ilikata asilimia 10 ya gharama ya chakula, hivyo salio lilionekana nono kuliko hali halisi. DMC haikuigusa fomula hiyo; badala yake ilipandisha kiwango cha juu cha kinga kutoka dola 8.00 hadi 9.50. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imeurefusha mpango hadi 2031 na kubadili mambo matatu yatakayojitokeza huko mbele: rekodi ya msingi, ukubwa wa ngazi ya kwanza, na punguzo kwa waliojifunga miaka 6.

Msimamizi ni FSA, wakala wa Idara ya Kilimo (USDA), wenye ofisi zinazohudumia kaunti za mashambani kote nchini. Kila kitu kinapitia ofisi hiyo ya kaunti. Ifahamu simu yao, na ujue ofisa gani anashughulikia DMC.

Kwanza vipimo, maana hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Maziwa hupimwa kwa pauni, na bei hutajwa kwa kila pauni 100, ambazo ni kama kilo 45.4 au takriban lita 44. Mahindi hupimwa kwa busheli yenye pauni 56, yaani kilo 25.4. Tani ya Marekani ni pauni 2,000, ambazo ni kilo 907, pungufu ya tani uliyoizoea.

Fomula ya salio

Kila mwezi hesabu ni hii. Chukua bei ya wastani ya maziwa yote nchini kwa pauni 100. Toa gharama ya chakula, ambayo ni jumla ya vitu vitatu:

- bei ya busheli moja ya mahindi mara 1.0728
- bei ya tani moja ya mashudu ya soya mara 0.00735
- bei ya tani moja ya hei ya lusini, ambayo Wamarekani huita alfalfa, mara 0.0137

Bei ya maziwa, mahindi na hei hutoka kwa kitengo cha takwimu cha USDA kiitwacho NASS. Ya mashudu ni ya soko la Illinois ya kati. Hei inayotumika ni ya daraja la juu. Mwanzoni ilikuwa nusu kwa nusu na hei ya kawaida, lakini mwishoni mwa 2021 USDA ilibadilisha na kuyarudisha mahesabu nyuma hadi Januari 2020.

Tujaribu kwa bei za mfano. Mahindi dola 4.20: mara 1.0728 inatoa 4.51. Mashudu dola 300: inatoa 2.21. Hei dola 230: inatoa 3.15. Chakula kimegharimu dola 9.86 baada ya kukadiria. Maziwa yakiwa dola 18.50, salio ni dola 8.64. Aliyechagua kinga ya dola 9.50 ana upungufu wa senti 86 kwa kila pauni 100. Aliyechagua dola 8.00 hapati kitu.

Tazama jinsi uzito ulivyogawanywa. Mahindi yakipanda dola moja kwa busheli, salio linashuka dola 1.07. Hei ingehitaji kupanda dola 78 kwa tani ili ilete athari hiyohiyo. Anayetaka kukisia mwezi ujao utakuwaje aanze na bei ya maziwa, kisha mahindi, mengine baadaye.

Hatua ya kwanza: rekodi ya msingi

Hii ndiyo namba kubwa kuliko zote, na mtu akishaisajili kizembe humgharimu kwa miaka. Kila hesabu ya DMC huzidishwa kwa rekodi ya msingi ya uzalishaji, si kwa maziwa unayouza mwaka huu. Zamani ilikuwa mwaka bora kati ya 2011, 2012 na 2013. Kuanzia 2026 ni mwaka bora kati ya 2021, 2022 na 2023. Hakuna wastani: unachukua mwaka mmoja uliouza maziwa mengi kuliko mingine.

Mfano tutakaotembea nao ni shamba la kubuni la ng'ombe 180 katika Kaunti ya Clark, Wisconsin, jimbo ambalo bado lina mashamba mengi ya ukubwa huo. Rekodi zake ni pauni 4,190,000 kwa 2021, pauni 4,320,000 kwa 2022, na pauni 4,265,000 kwa 2023. Rekodi ya msingi ni 4,320,000.

Jaza fomu ya rekodi ya msingi. Iambatanishe na ushahidi wa mauzo: muhtasari wa mwisho wa mwaka kutoka kwa mnunuzi wako, awe chama cha ushirika au kiwanda, au karatasi zote 12 za mwezi zinazokuja na hundi ya maziwa. Soma safu ya pauni zilizouzwa, usisome ya dola. Ukisoma karatasi hizo kwa makini utakuta mambo matatu yanayoharibu hesabu.

La kwanza ni mnunuzi kubadilika katikati ya mwaka. Muhtasari wa mnunuzi wa pili utaonyesha miezi 7 pekee, na asiyekumbuka mnunuzi wa kwanza anajikata miezi 5. La pili ni wabia wanaolipwa kwa hundi mbili: baba ana hundi yake, mwana ana yake, ila zizi ni moja. Pauni za hundi zote mbili zijumlishwe. La tatu ni maziwa ya ndama. Hayakuuzwa, kwa hiyo hayahesabiwi, hata kama umeyaandika kila siku kwenye daftari la ukamuaji.

Mkato wa senti 15 kwa kila pauni 100 unaouona kwenye hundi ni mchango wa lazima wa kutangaza maziwa. Ada ya DMC ya kiwango cha juu nayo ni senti 15. Ni sadfa tu. Usimwambie ofisa wa FSA kwamba kiwanda kimeshakukatia.

Shamba lililoanza kuuza maziwa baada ya Januari 1, 2023 hutumia mauzo ya mwaka wake wa kwanza. Mwenye shamba jipya aende ofisini mapema, kwa kuwa hesabu yake huchukua muda.

Hatua ya pili: makaratasi ya utambulisho

Hapa tupite haraka. Ofisi itahitaji taarifa zako za mteja (fomu AD-2047), namba ya kodi ya shamba au ya mtu binafsi, na taarifa za benki za kulipwa moja kwa moja. Itahitaji pia fomu AD-1026, ambayo unathibitisha kwamba hulimi ardhi inayomomonyoka kwa urahisi bila mpango wa hifadhi, na kwamba hukukausha ardhi oevu ili upande mazao. Wafugaji huisahau AD-1026 wakidhani ni ya wakulima wa nafaka. Bila hiyo malipo hukwama, na hata mwanao mwenye hisa kwenye shamba anahusika nayo.

Kila mwenye hisa lazima atie saini, na hisa zijumlike kuwa asilimia 100 kamili. Mmoja akiwa mbali, andaa hati ya uwakilishi ya FSA-211 kabla ya dirisha la usajili kufunguliwa. Mkataba uliokosa saini ya mbia mwenye asilimia 5 haujakamilika, na siku ya mwisho ikipita haumsubiri.

Hatua ya tatu: kuchagua kiwango

Unachagua vitu viwili. Asilimia ya kinga, kati ya 5 na 95 ya rekodi ya msingi, kwa kupanda tano tano. Na kiwango cha kinga, kuanzia dola 4.00 hadi 9.50 kwa kupanda senti 50.

Pauni 6,000,000 za kwanza zilizokingwa ni ngazi ya kwanza (hadi 2025 zilikuwa 5,000,000). Kinachozidi hapo ni ngazi ya pili, ambayo kikomo chake ni dola 8.00 na ada zake ni kali. Dola 4.00 haina ada ya bima katika ngazi yoyote. Unalipa ada ya usajili ya dola 100 kwa mwaka basi, nayo husamehewa kwa wafugaji wanaoanza, wenye rasilimali ndogo na waliotumikia jeshi.

Ada za ngazi ya kwanza, kwa kila pauni 100: dola 5.00 ni nusu senti, 6.00 ni senti 5, 7.00 ni senti 8, 8.00 ni senti 10, 8.50 ni senti 10 na nusu, 9.00 ni senti 11, na 9.50 ni senti 15.

Turudi Clark. Asilimia 95 ya pauni 4,320,000 ni 4,104,000, yaani vipimo 41,040 vya pauni 100. Ada ya kiwango cha 9.50 ni dola 6,156. Kwa 9.00 ni dola 4,514.40, na kwa 8.00 ni dola 4,104.

Mwenye kuchagua 8.00 badala ya 9.00 ameokoa dola 410 kwa mwaka mzima na kuachia dola nzima ya kinga kila mwezi wenye salio dogo. Ni vigumu kuutetea uamuzi huo. Kati ya 9.00 na 9.50 tofauti ni dola 1,641.60. Kwa mwezi mmoja tu ambao salio liko chini ya 9.00, senti 50 za ziada huleta dola 1,710, na baada ya makato ya serikali ya asilimia 5.7 hubaki kama dola 1,612. Kwa hiyo miezi miwili mibaya ndani ya mwaka inatosha kuilipia tofauti na kubakisha chenji. Kwa shamba la ukubwa huu, 9.50 kwa asilimia 95 ndilo chaguo letu, labda fedha taslimu ziwe zimebana sana.

Namba nyingine ya kuandika ukutani: jumla ya upungufu wa mwaka inayorudisha gharama. Ada ya senti 15 hulipwa kwa pauni za mwaka mzima, lakini malipo ya mwezi huhesabiwa kwa moja ya kumi na mbili. Ukiweka ndani dola 100 za usajili na makato ya serikali, shamba letu linahitaji jumla ya upungufu wa dola 1.94 katika miezi yote ya mwaka ili litoke sare. Mwezi mmoja wenye upungufu wa dola 1.94 unatosha, au miezi minne ya takriban senti 49 kila mmoja.

Usajili wa 2026 ulikuja na nafasi ya kujifunga kwa miaka 6, 2026 hadi 2031, kwa punguzo la asilimia 25 la ada. Kwa shamba letu ada inashuka hadi dola 4,617, unaokoa dola 1,539 kila mwaka, na sare inashuka hadi dola 1.46. Gharama yake ni kwamba kiwango hakibadilishwi tena. Waliojifunga wasidhani wamemaliza: mpango wa namna hiyo uliotangulia ulidai kila mwaka uthibitishe kwamba bado unauza maziwa na ulipe dola 100. Weka ukumbusho kwenye kalenda.

Mashamba makubwa

Shamba la pauni 10,000,000 likichagua asilimia 95 linakinga 9,500,000: ngazi ya kwanza 6,000,000, ngazi ya pili 3,500,000. Ukichagua zaidi ya 8.00 kwa ngazi ya kwanza, unaruhusiwa kuchagua kiwango tofauti kwa ya pili. Ukichagua 8.00 au chini, kiwango hichohicho hutumika kwa ngazi zote mbili, na hapo ndipo watu huumia: ada ya 8.00 katika ngazi ya pili ni dola 1.813 kwa pauni 100, yaani dola 63,455 kwa vipimo 35,000. Kosa la mstari mmoja kwenye fomu.

Dola 5.00 katika ngazi ya pili ni nusu senti, dola 175 tu kwa pauni hizo zote. Salio likishuka hadi 3.52, kama lilivyofanya Julai 2023, dola hizo 175 zingezalisha zaidi ya dola 4,300 kwa mwezi mmoja kabla ya makato. Usiiruke.

Wapo wanaopunguza asilimia hadi 60 ili pauni zote zikae ngazi ya kwanza. Ni mazoea ya zamani yasiyo na faida tena: ukibaki na 95 na kuchagua 4.00 kwa ngazi ya pili, ada ni ileile dola 9,000 na unapata kinga ya majanga bure kwa pauni zilizobaki. Kwa maziwa yanayozidi ngazi ya kwanza angalia bima ya mapato iitwayo DRP, inayouzwa na mawakala wa bima ya mazao. Sheria inaruhusu kuwa nayo pamoja na DMC.

Hatua ya nne: kusajili ndani ya dirisha

Hapa unajaza fomu ya mkataba na uchaguzi wa kila mwaka. Tarehe hazirudiani. Usajili wa 2024 ulikuwa Februari 28 hadi Aprili 29, wa 2025 ulikuwa Januari 29 hadi Machi 31, na wa 2026 ulikuwa Januari 12 hadi Februari 26. Aliyezoea mwisho wa Machi alijikuta nje. Jiandikishe kwa barua pepe za FSA za kaunti yako, na piga simu Desemba kila mwaka.

Dirisha linapofunguliwa mwaka ukiwa umeshaanza, kinga hurudi nyuma hadi Januari 1. Mwaka 2024, kwa mfano, salio la Januari lilikuwa limejulikana kabla watu hawajamaliza kutia saini. Ni mara chache mtu huuziwa bima ya mvua akiwa ameshalowa, kwa hiyo linganisha namba zilizotoka kabla ya kuamua.

Omba nakala ya mkataba iliyotiwa saini na pande zote mbili kabla ya kuondoka ofisini. Kisha kagua mistari minne: pauni za rekodi, asilimia, kiwango cha ngazi ya kwanza, kiwango cha ngazi ya pili. Makosa ya kuchapa hutokea, na kuyarekebisha dirisha likiwa wazi ni jambo la dakika tano.

Hatua ya tano: kulipa ada

Dola 100 hulipwa wakati wa kusajili. Ada ya bima inaweza kulipwa wakati wowote, mwisho Septemba 1 ya mwaka wa kinga. Asiyelipa bado anadaiwa kisheria, na hapati malipo hadi deni liishe. Kuacha kulipa kwa sababu mwaka umekuwa mzuri hakukutoi kwenye mkataba.

Hatua ya sita: kusubiri, kukagua, kupokea

Bei za mwezi hutangazwa mwishoni mwa mwezi unaofuata. Salio la Januari utalijua mwisho wa Februari, na malipo huja baada ya hapo. Ukipanga bajeti, weka pengo la miezi miwili kati ya mwezi mbaya na fedha kufika, na bili ya chakula ya mwezi huo usiipangie fedha za DMC.

Malipo ya mwezi ni upungufu mara vipimo vilivyokingwa gawanya kwa 12. Shamba la Clark lina vipimo 3,420 kwa mwezi. Upungufu wa senti 86 wa mfano wetu ni dola 2,941.20. Kisha hukatwa makato ya lazima ya bajeti ya serikali kuu, asilimia 5.7 katika miaka ya karibuni, zinabaki dola 2,773.55. Wafugaji wengi hupiga simu wakidai wamepunjwa, kumbe ni makato haya. Ukikuta pungufu kubwa kuliko hiyo, uliza kama kuna ada ya bima au deni lingine la USDA lililokatwa humo.

Ili ujue ukubwa wa mabembea, tuchukulie shamba letu lilikuwa na rekodi hiihii katika miaka miwili iliyofuatana. Julai 2023 salio lilishuka hadi dola 3.52. Upungufu wa 5.98 ungeleta dola 20,451.60 kwa mwezi mmoja, kabla ya makato. Mwenye kinga ya bure ya 4.00 angepata dola 1,641.60 kwa mwezi huohuo. Mwaka 2024 miezi miwili tu ililipa: Januari, salio likiwa 8.48, na Februari, 9.44. Jumla ya upungufu ni dola 1.08, chini ya sare yetu ya 1.94. Shamba lingepokea kama dola 3,483 na kuwa limelipa 6,256. Septemba mwaka huo salio lilifika 15.57, na mfugaji aliyekuwa akinung'unikia ada yake alikuwa anauza maziwa kwa bei nzuri sana. Ukiona hivyo, usikimbilie kushusha kiwango. Mwaka unaofuata haujui ulilipa nini.

Kwa nini salio la taifa halifanani na la kwako

Bei ya taifa ni wastani. Maziwa ya ng'ombe wa Jersey yenye mafuta mengi huuzwa ghali kwa pauni 100. Shamba lililo mbali na kiwanda hulipa usafiri mkubwa. Anayelima mahindi yake mwenyewe hulipwa sawasawa na anayenunua kila gunia, na anayenunua hei wakati wa ukame kwa bei mara mbili haongezewi kitu. Andika salio lako la kila mwezi kwa miezi 24 pembeni ya lile la taifa. Lako likiwa chini kwa dola 1.50 mfululizo, DMC haitaliziba pengo hilo. Hilo ni suala la chakula, usafiri au mkataba wa mnunuzi, na lishughulikiwe kivyake.

Ndiyo maana pia orodha za malipo za kaunti zinadanganya macho. Namba kubwa huweza kuwa ya shamba lenye rekodi kubwa na kinga ya 9.50 lililopitia mwaka mbaya wa soko. Shamba lisiloonekana huweza kuwa la mfugaji wa Kiamishi (jamii ya Wakristo wanaoishi kwa kujitenga), maana wengi wao hukataa fedha za serikali kwa sababu ya imani.

Mashamba yanapobadilika mikono

Mwana akiingia na kuongeza ng'ombe kwenye shamba la wazazi, kanuni zina nafasi ya kuongeza rekodi ya msingi kwa urithi wa kizazi hadi kizazi. Lazima iombwe, haiji yenyewe. Ukiuza shamba, kubadili jina la kampuni au kuacha kukamua, itaarifu ofisi mara moja. Malipo yaliyoingia baada ya shamba kufunga zizi yatadaiwa kurudishwa.

Kodi

Mwanzoni mwa mwaka USDA hutuma fomu 1099-G yenye jumla ya malipo. Ni kipato cha shamba na huingia kwenye Jedwali F la fomu ya kodi. Ada ya bima na dola 100 ni matumizi ya shamba, ziandike upande wa pili. Fuata tarehe fedha zilipoingia: malipo ya Novemba yaliyofika Januari ni ya mwaka mpya kwa anayetumia hesabu za fedha taslimu.

Milango mingine katika jengo lilelile

Ng'ombe wakifa kwa hali mbaya ya hewa kupita kiwango cha kawaida cha vifo, mpango wa LIP hulipa asilimia 75 ya thamani ya soko. Piga picha, hesabu, tafuta barua ya daktari wa mifugo kabla mizoga haijaondolewa. Homa ya ndege ya H5N1 ikiingia zizini, mpango wa dharura wa ELAP hufidia maziwa yaliyopotea kwa ng'ombe walioondolewa kwenye ukamuaji, kwa kudhania siku 21 bila maziwa na siku 7 za nusu, kwa asilimia 90 ya thamani. Kipimo chanya lazima kithibitishwe na maabara ya taifa ya mifugo.

Unataka tangi la kuhifadhi samadi au uzio wa malisho? Hiyo ni EQIP, mpango wa hifadhi ya mazingira ulio chini ya NRCS, wakala mwingine wa USDA. Kosa lake moja linatosha kukunyima kila kitu: kuanza kuchimba kabla ya mkataba kutiwa saini.

Ukikataliwa

Barua ya kukataliwa hueleza sababu na haki zako. Una siku 30. Unaweza kuiomba kamati ya kaunti ipitie upya. Wanakamati ni wakulima waliochaguliwa na wakulima wenzao, na wanajua hundi ya maziwa inavyosomwa. Unaweza pia kuomba usuluhishi, au kwenda kwenye Kitengo cha Taifa cha Rufaa cha USDA. Peleka karatasi badala ya maelezo: muhtasari wa mnunuzi, nakala ya mkataba, risiti ya ada, na tarehe ya kila simu uliyopiga pamoja na ulichoambiwa. Bahasha ya barua yenyewe nayo usiitupe, kwa sababu muhuri wa posta unaweza kuamua kama siku 30 zimepita.